Ukiona, Ukaseme kwa Nani?

Mwaka 2023 ulipokuwa ukimalizika, BBC ilitangaza filamu iliyopigwa kwa siri katika makao ya wazee huko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Ndani yake walionekana vikongwe wakipigwa na kutelekezwa na watu waliopaswa kuwatunza. Vipande vya filamu ile havijaacha kuzunguka kwenye simu. Juzijuzi kimoja kilifika katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, kundi ambalo kwa kawaida ni la salamu za Ijumaa na michango ya harusi, na kwa muda hapakuwa na mazungumzo mengine. Shangazi mmoja alituombea radhi kwa Mungu sote. Binamu yangu akaandika kwamba haya ndiyo malipo ya kuiga Wazungu, Mwafrika mwenye akili hampeleki mama yake kwenye jumba. Mwingine alitaka wahusika wanyongwe.

Mimi sikuandika kitu. Mahali kama pale, popote palipo, pana mpishi, pana mfuaji, pana mlinzi wa getini na kijana wa kuleta maziwa, na wote wana macho. Wenzangu walikuwa wakiuliza ni mtu wa aina gani huyo anayeweza kumwinulia mkono bibi wa miaka themanini. Mimi nilikuwa nawaza habari za mfuaji: akiziona shuka zina damu asubuhi, anakwenda kumwambia nani?

Swali hilo nililipata kazini. Nilikwenda Marekani, jimbo la Minnesota, kwa ajili ya shule. Ada ikanishinda, nikaingia kwenye kazi inayowapokea Waafrika wengi wa jimbo lile, kutunza wazee. Kwetu watu wa namna yangu huitwa wabeba boksi, ijapokuwa boksi sikubeba hata moja. Nilibeba watu. Zamu yetu ya usiku ilikuwa kama mkutano wa Umoja wa Afrika: Waliberia, Wasomali, Waethiopia, Wakenya, na sisi Watanzania wachache tuliokuwa tukibishana nao juu ya Kiswahili.

Hawakuachii mzee kabla ya kukufundisha. Sheria ya shirikisho inadai mafunzo yasiyopungua saa 75 na mtihani, ndipo jina lako liandikwe kwenye daftari la jimbo la wasaidizi wa wauguzi. Hayo yametokana na sheria ya mwaka 1987 iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan, baada ya ripoti ya Taasisi ya Tiba ya mwaka 1986 juu ya hali ya majumba ya wazee. Zama zile kumfunga mzee kwenye kiti kwa mkanda asizurure lilikuwa jambo la kila siku, na waliofanya hivyo waliona wanamlinda asianguke. Sheria ikatamka kwamba mkazi ana haki ya kutonyanyaswa, na kwamba hafungwi kamba wala hapewi dawa kwa ajili ya kumrahisishia mhudumu kazi.

Aliyetufundisha alikuwa muuguzi mstaafu, mama mfupi asiyependa utani. Somo la kuogesha hakulianza na maji wala sabuni. Alisema kuogesha ni ukaguzi. Mzee aliyevishwa nguo safi na kuchanwa nywele anaweza kumpokea mwanawe sebuleni, wakapiga picha, mwana akaondoka ameridhika. Mwili ulio chini ya zile nguo anauona anayemwogesha, na huyo ndiye anayelipwa kidogo kuliko karibu wote jengoni. Muuguzi ana chati, daktari anapita akiwa amesimama, meneja yuko ofisini. Msaidizi ndiye anayejua kwamba bibi wa chumba fulani wiki hii anajikunja ukimgusa kiuno.

Alituonya vilevile tusiwe wepesi wa kupiga kelele. Ngozi ya mzee ni nyembamba, wengi wanameza dawa za kuzuia damu kuganda, na kugonga kidogo tu ukingo wa kitanda kunatosha damu ivie. Mwaka 2005 Laura Mosqueda na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha utafiti wa wazee 101 waliofuatiliwa alama zao siku hadi siku. Karibu asilimia 90 ya alama zilizotokana na ajali zilikuwa kwenye mikono na miguu, na hakuna hata moja iliyoonekana shingoni, masikioni, sehemu za siri, matakoni wala kwenye nyayo. Waligundua pia kwamba rangi ya alama haikutajii umri wake: alama ya jana inaweza kuwa tayari ya njano. Basi mama yule alitufundisha kutazama mahali kabla ya rangi. Mguu umevia chini ya goti, uliza, huenda kiti cha magurudumu kimemgonga. Sikio limevia, usikubali maelezo ya haraka. Akatuambia tushikane mikono ya juu kwa nguvu, kila mtu na jirani yake, kisha tutazame vidole vinapokaa: vinne upande mmoja, kimoja upande wa pili. Ukiiona picha hiyo kwenye mkono wa mzee, alisema, hapo pameshikwa na mtu, na kazi iliyobaki ni kujua kwa nini.

Hayo ya alama ndiyo mepesi. Niliyoyaona zaidi kazini hayakuwa na alama.

Kulikuwa na bibi aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kiharusi kilimwachia mkono mmoja na maneno machache. Nilipoingia zamu nilikuta kamba ya kengele yake imezungushwa nyuma ya kichwa cha kitanda na jagi la maji liko dirishani, mbali naye. Nikavirudisha. Kesho yake hivyohivyo. Siku kadhaa zikapita kila kitu kiko mahali pake, halafu kengele ikarudi nyuma ya kitanda. Ukiifuata ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, mpangilio ulikuwa unajieleza wenyewe.

Hesabu ya mwenye kufanya hivyo ni fupi. Asipokunywa hakojoi, asipokojoa habadilishwi pampasi, na asipoifikia kengele haiti. Unapata jioni tulivu. Hakuna aliyempiga bibi yule wala kumtukana, na bado angeweza kufa. Midomo yake ilikuwa imepasuka, mkojo umekoza rangi, kisha akaanza kuzungumza na dada yake aliyefariki zamani. Wanawe walidhani uzee umemzidi. Daktari akasema ni upungufu wa maji na maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa mtu wa umri ule homa inaweza isionekane, akili ikatangulia kuchanganyika.

Muuguzi wetu wa usiku alikuwa mama wa Kiliberia aliyefanya kazi ile tangu nywele zake ni nyeusi. Nilimpelekea habari nikiwa nimepandwa na hasira, nikasema bibi anatelekezwa. Akaniambia niketi. Akasema neno hilo nisiliandike popote. Niandike saa, mahali na nilichokiona kwa macho: saa 5 na dakika 10 usiku, kengele nyuma ya kichwa cha kitanda, jagi dirishani, midomo imekauka, shuka imelowa hadi kwenye godoro. Neno “ametelekezwa” wakili wa kampuni atalibishia hadi jua lichwe. Jagi lililokuwa dirishani haliwezi kubishiwa, hasa likiandikwa mara nyingi kwa mkono uleule na kwa saa tofauti. Tangu hapo nimewafundisha hivyo watu wengi, hata watu wenye ugomvi wa mashamba. Na kweli, yale maandishi ndiyo yaliyomwondoa mhusika kwenye zamu ile.

Nimtaje basi mhusika mwenyewe. Alikuwa kijana mpole, mcheshi, mwenye kazi mbili. Akitoka kwetu saa 5 usiku anakwenda kuanza nyingine, usingizi anaupata ndani ya gari. Zamu yake ilikuwa haina watu wa kutosha karibu kila wiki, na waliopanga ratiba walilijua hilo. Shirika la Afya Duniani, kwa kukusanya tafiti za nchi mbalimbali, linasema wahudumu 2 katika kila 3 wa makao ya wazee walikiri kufanya tendo la unyanyasaji katika mwaka uliotangulia. Ukiisoma hesabu hiyo huwezi kushikilia tena habari ya shetani mmoja aliyejipenyeza mahali pa watu wema. Lakini uchovu nao tusiugeuze kuwa wakili. Tuliokuwa tumechoka vilevile tuliacha jagi karibu na mkono wa bibi, na usiku tukaitwa, tukainuka.

Mzee mwingine alikuwa mchimbaji wa chuma kutoka kaskazini, migodi ya Mesabi. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na jua likianza kuzama alikuwa akipiga kelele, anatafuta koti, anataka kwenda zake. Ni jambo linalowapata wengi wenye ugonjwa ule. Kelele zake ziliwaudhi wakazi wengine na zilituudhi sisi pia, sitakataa. Kisha ghafla akanyamaza. Alilala kifungua kinywa kikimpita, akalala mchana, mate yakimtoka, na jioni alikuwa hajui kuna jua. Wapo waliosema afadhali, amepumzika.

Alikuwa ameandikiwa dawa ya magonjwa ya akili ambayo hakuwa na ugonjwa wake. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikwisha kuagiza mwaka 2005 onyo kali kabisa juu ya dawa za aina hiyo, kwa sababu zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Onyo liko kwenye karatasi iliyomo ndani ya kiboksi. Msaidizi hana mamlaka ya kugusa dawa, wala kumuuliza daktari. Nilichokuwa nacho ni macho: niliandika saa anazoamka, chakula alichoacha, mara alizoteleza kutoka kitini.

Aliyeligeuza jambo lile ni binti yake, aliyekuwa akija kutoka Duluth. Siku moja hakukubali kuambiwa “baba amepumzika”. Akaomba orodha ya dawa zote, tarehe kila moja ilipoanza, na sababu iliyoandikwa. Karibu na ukumbi wa chakula palikuwa na tangazo lenye namba ya simu ya mtetezi wa wakazi wa majumba ya wazee, ofisi ambayo tangu mwaka 1978 kila jimbo la Marekani linatakiwa kuwa nayo kwa sheria. Mtetezi huyo halipwi na jumba wala hamtumikii meneja. Binti alipiga picha ile namba mbele ya mapokezi, bila kujificha, na nadhani kule kutojificha ndiko kulikofanya kazi kubwa. Dawa ikapunguzwa kidogo kidogo. Mzee akarudi kula, na akarudi kupiga kelele. Siku ambazo alipatikana mtu wa kumtembeza ukumbini jioni, alitulia. Siku ambazo hakupatikana, tulimsikia hadi jikoni.

Habari za fedha nizipitie haraka, maana zinafanana kila mahali. Pete iliyopotea baada ya kuogeshwa, kadi ya benki iliyoazimwa na mjukuu, hati iliyotiwa saini na mkono usiojua unatia saini nini. Nililoliona ni kwamba mwizi wa mzee mara nyingi huja na maua. Huketi, hufunga mlango, na mzee hubaki na huzuni baada ya mgeni kuondoka. Huzuni ile nayo iliandikwa, kwa saa na tarehe.

Sasa nifike kwenye usiku ambao ningependa ungekuwa wa mtu mwingine.

Nilikuwa nimebeba taulo. Mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani alikuwa mwenzangu wa zamu, binti wa Afrika Mashariki kama mimi, akimbadilisha bibi mwenye ugonjwa wa kusahau. Bibi alimng'ata mkono. Hilo hutokea, mtu asiyejua yuko wapi, anavuliwa nguo na mgeni usiku wa manane, atajitetea kwa alichonacho. Mwenzangu akampiga kofi. La kwanza ningeweza kusema mkono umeruka. Alimpiga la pili.

Niliingia nikasimama kati yao, nikamwambia mwenzangu atoke. Nikamfunika bibi, nikamtazama uso na mdomo, nikabonyeza kengele ya kumwita muuguzi, nikabaki naye hadi muuguzi alipofika. Utaratibu ule haukutoka kichwani mwangu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kwanza ni usalama wa mzee, mengine yote baadaye, na kwamba asiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda kupiga simu. Ukumbini mwenzangu alinishika mkono. “Dada, usiniue,” akasema. “Mama yangu na watoto watatu wanakula kwa mikono hii.”

Nilijua ni kweli. Niliwahi kwenda naye kutuma hizo fedha.

Hapa ndipo watu wa kwetu ninapowasimulia huniuliza nilipata wapi ujasiri. Sikuupata popote. Nilichokuwa nacho ni sheria iliyoninyima nafasi ya kuchagua. Tangu mwaka 2010 mfanyakazi wa jumba la wazee Marekani, awe muuguzi au mfagiaji, akishuku kwamba mkazi ametendewa uhalifu anatakiwa atoe taarifa polisi na kwa idara ya jimbo inayokagua majumba: ndani ya saa 2 ikiwa kuna jeraha kubwa mwilini, ndani ya saa 24 ikiwa halipo. Anayenyamaza anaweza kutozwa faini ambayo sheria ile iliiweka kufikia dola 200,000. Jumba nalo limekatazwa kumlipizia kisasi aliyesema. Kwa hiyo usiku ule sikuwa hakimu wa kuamua kama binti yule ni mtu mbaya, au kama makofi mawili yanatosha kuwanyima watoto wake ada. Nilitakiwa kusema nilichokiona. Muuguzi alitoa taarifa kwa upande wa jumba, mimi nikapiga mwenyewe simu ya jimbo, kwa sababu meneja wetu wa mchana alikuwa na desturi ya kutuambia, kwa tabasamu, kwamba tukiwa na jambo lolote twende kwake kwanza. Mtu mzima akikwambia uje kwake kwanza, na ukienda jambo linaishia hapohapo, mshukuru kwa tabasamu lake kisha piga simu.

Binti alisimamishwa kabla hapajakucha. Wachunguzi walikuja, wakanihoji mimi na kila aliyekuwa zamu. Bibi hakuweza kueleza kitu; aliwaambia wachunguzi kwamba anasubiri basi. Lakini mmoja wao, mwanamke mwenye subira, aliomba kukaa chumbani wakati wa kubadilisha zamu, akaona jinsi bibi alivyokuwa akivuta blanketi hadi machoni kila alipoingia mtu mwenye sare kama yetu. Miezi ilipita ndipo barua ikatoka kwamba tendo limethibitika. Jina la binti likawekewa alama kwenye lile daftari la jimbo, na mwenye alama hiyo haajiriwi tena katika majumba yale.

Kanisani baadhi ya kina mama waliacha kuniitikia salamu. Mmoja, ambaye alikuwa kama mzazi kwetu sote kule ugenini, aliniambia mbele za watu kwamba nimemnyang'anya mwenzangu mkate kwa ajili ya Mzungu asiyejua hata jina lake mwenyewe. Nilimheshimu yule mama na bado namheshimu. Ila nilikwisha kuliona lile blanketi, naye hakuliona. Na bibi akisahau jina lake leo, hiyo haimpi mtu wa zamu ruhusa juu ya shavu lake.

Sitaki nionekane nasifu Marekani. Mwaka 2017 gazeti la Star Tribune la Minneapolis lilichapisha mfululizo wa makala zilizoonyesha jinsi malalamiko ya unyanyasaji wa wazee Minnesota yalivyokuwa yakirundikana bila kuchunguzwa. Mkuu wa idara ya afya ya jimbo akajiuzulu Desemba mwaka huohuo. Tulizisoma makala zile jikoni wakati wa mapumziko, na wengi wetu tuliyafahamu yale marundo kwa upande wa chini: ni simu tulizopiga. Namba ya simu iliyobandikwa ukutani haina maana ikiwa upande wa pili karatasi zimelala sakafuni. Familia ndizo zilizolisukuma bunge la jimbo, na kuanzia Januari 2020 sheria ikaziruhusu kuweka kamera chumbani, mkazi akikubali, na mwenzake wa chumba pia akikubali.

Miezi miwili baadaye ikaja korona. Machi 2020 serikali ya shirikisho ikaagiza majumba yafunge milango kwa wageni, na sababu ilikuwa ya kweli, wazee walikuwa wakifa. Lakini pamoja na wageni waliondoka wakaguzi wetu wakubwa: binti wa Duluth, wajukuu, kasisi, hata yule kinyozi aliyekuwa akija kunyoa wanaume na kusikia mengi. Wafanyakazi walipungua, waliobaki wakafanya zamu mbilimbili. Niliona jinsi adabu ya mahali inavyolegea pale ambapo hakuna mtu kutoka nje anayeweza kuingia bila kutarajiwa. Hakuna aliyeamua tuwe wabaya. Kengele zilichelewa kujibiwa kidogo, halafu zaidi, na ile zaidi ikawa ndiyo kawaida.

Nimerudi nyumbani, na naambiwa hayo si yetu. Yetu ni yapi? Serikali ina makazi ya wazee wasio na ndugu, kama Nunge ya Kigamboni na Funga Funga ya Morogoro. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Wakenya wameandika katika Ibara ya 57 ya Katiba yao ya 2010 kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na ya kutunzwa na familia yake pamoja na serikali. Lakini wazee walio katika makazi hayo ni wachache. Walio wengi wako katika chumba cha uani, wakitunzwa na mkwe aliyeelemewa au dada wa kazi aliyeletwa kwa ajili ya kupika, ambaye siku moja aliamka akaambiwa kwamba sasa atambeba na babu. Huyo hakupata saa 75 za mafunzo, hata 5. Hana zamu ya kumpokea. Akiona mtoto wa babu anakwapua pensheni, atamwambia nani, huyohuyo anayemlipa mshahara?

Nikienda kutembelea makao ya wazee siku hizi siendi na kamera wala msafara wa sabuni. Nakwenda saa ambayo wageni hawaji, jioni chakula kikiisha. Natazama kucha, midomo na visigino. Natazama maji yako wapi. Naomba kuzungumza na mfuaji. Ukutani natafuta namba ya mtu asiyelipwa na mahali pale, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kwa mfano, na kama haipo namwomba msimamizi aibandike nikiwa bado nimesimama. Wengine hucheka, wengine huitafuta kalamu.

Mwaka jana mjomba wangu wa Muheza alipatwa na kiharusi. Wanawe wako Dar es Salaam, fedha wanatuma, na walimtafutia binti wa kumwangalia, msichana mwenye heshima kutoka Lushoto. Nilikaa naye siku tatu. Nilimwonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, jinsi ya kusoma mgongo na visigino, na kwamba wekundu usioondoka ukiubonyeza kwa kidole ni mwanzo wa kidonda. Nikampa daftari la mkono na namba tatu: yangu, ya muuguzi wa zahanati, na ya mwenyekiti wa kitongoji. Wanawe niliwaambia kwamba Jumapili ni siku ya binti kupumzika na lazima mmoja wao au jirani anayelipwa akae na mzee. Jumapili hiyo tuliibishania sana kuliko yote.

Haukupita muda akanipigia. “Shangazi, shikamoo. Mgongoni kwa babu kuna wekundu hauondoki, na godoro limebonyea katikati.” Nikampigia mtoto mkubwa wa mjomba. Alikasirika, na hasira yake haikuwa juu ya godoro. Alisema yule binti ameanza kuwashtaki kwa watu, kwamba mambo ya nyumbani yanatolewa nje, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Nikamjibu kwamba hilo la mwisho ni kweli, na nikamsomea tarehe na saa ambazo binti alikuwa ameziandika daftarini na kunitumia. Alikata simu. Godoro jipya lilifika Muheza Ijumaa kwa basi, na hadi leo binamu yangu haniitikii ipasavyo. Binti bado ananipigia, na mshahara wake nimemwomba mke wa binamu ndiye aushike.